Tuliuza Hisa Zetu, Vumbi Likabaki na Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijatia saini fomu ya kustaafu, kwa sababu nikishaitia saini hairudishwi, na mimi niliyewaambia watoto wa watu miaka nenda miaka rudi kwamba wasome swali mara mbili kabla ya kujibu, leo nimekaa na swali langu mwenyewe nimelisoma mpaka macho yanauma na bado sijui linaniuliza nini.

Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi, watoto wangu wote wameshajitegemea, na mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kusaga mawe kilicho nyuma ya mtaa wetu, yeye ndiye mwendeshaji wa ile mashine kubwa inayomeza mawe na kutema kokoto. Kwa sababu ya kelele za mashine amezoea kupaaza sauti hata akiwa nyumbani, majirani wakambatiza jina la Spika, maana akiomba chumvi mezani mtaa mzima unajua kwamba leo mboga ya mwalimu haikukolea. Nilikuwa namgombeza kwa ajili ya makelele hayo, namwambia baba watoto punguza, hatuko kiwandani, naye anacheka kwa sauti kubwa zaidi. Juzi mke wa jirani ameniuliza dukani kama mzee amesafiri kwa sababu hawamsikii. Nikasema ndiyo, amesafiri. Hajasafiri, mshauri, yumo ndani, ila hana pumzi ya kupaaza sauti.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na unisamehe nikirefusha, sina mtu mwingine wa kumwambia. Walimu tuna mfuko wetu wa pensheni, na mimi wenzangu walinichagua niwawakilishe kwenye bodi ya wadhamini, yaani wale watu wanaoamua michango yetu iwekwe wapi ili izae mpaka siku ya kustaafu. Kwa muda mrefu sehemu ya michango ilikuwa imewekwa kwenye hisa za kiwanda hicho hicho cha mawe, na kwa kuwa hisa zetu zilikuwa nyingi, mfuko ulikuwa na mtu wake kwenye bodi ya kiwanda. Mtu huyo ndiye aliyebanana na wenye kiwanda kikao baada ya kikao mpaka wakafunga mabomba ya kunyunyiza maji juu ya mashine ili vumbi lilale, wakanunua barakoa za maana zenye vichujio, na kila mwaka wafanyakazi wakawa wanapimwa kifua. Haya yote nilikuwa nayasoma kwenye taarifa, nayapitia haraka haraka kama mtu anayetafuta ukurasa wa mwisho.

Halafu ikaja semina ya uwekezaji unaojali jamii. Tukaletewa wataalamu wakatuambia mfuko wenye heshima hauweki pesa kwenye sigara, hauweki kwenye silaha, hauweki kwenye kazi zinazokula watu. Mimi iliniingia kuliko wote waliokuwa mle ukumbini, kwa sababu mimi ndiye ninayefua mashati ya mume wangu, naliona vumbi lile linavyotua chini ya beseni likawa zito, ukimwaga maji lenyewe linabaki. Nikajiambia haiwezekani nile uzeeni kwa vumbi hili. Kwenye mkutano mkuu nikasimama, nikasema pesa ya uzeeni ya mwalimu isitoke kwenye mapafu ya mtu, tuuze hisa zote tutoke. Walimu wakapiga meza, wengine wakasimama, na mimi nilijisikia vizuri, mshauri, sitaki kukudanganya, nilijisikia vizuri sana.

Mjumbe mmoja tu hakupiga meza. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mwakilishi wa wastaafu, tunayemwita Mzee Hesabu. Wakati wa chai akanivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, ukiuza kiti usije ukalalamika kwamba umesimama." Nikaona huyu anapenda gawio lake tu. Nikamjibu, "Mzee wangu, kiti kikiingia kunguni unakitupa." Watu waliokuwa karibu wakacheka, na yeye akatabasamu akaenda kuongeza sukari kwenye chai. Kura zikapigwa tukashinda, hisa zikauzwa.

Aliyenunua hatumjui, tunajua jina la kampuni tu. Alilipa vizuri mno, mfuko ukanona, ikatangazwa kwamba watakaostaafu kuanzia mwaka huu mafao yao yataongezwa, na gazeti likatupamba kwamba sisi ni mfano wa kuigwa. Hatukukaa sana maji yakafungwa. Eti mawe yakilowa yananata kwenye mikanda na mashine inapunguza mwendo. Barakoa zilipochakaa wakapewa vitambaa vya kujifunga usoni. Aliyekuwa akija kupima vifua hakuonekana tena, na pale bodini hapakuwa na mtu wetu hata wa kuuliza kulikoni.

Siku ambayo mume wangu alileta habari ya maji alikuwa amepauka mpaka kope. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma avue viatu, akasema, "Wametuuza, mke wangu. Hao walimu wenzako wametuuza na maji yetu."

Nikasimama na taulo mkononi.

"Hivi nani alileta wazo hilo?" akaniuliza. "Maana lazima awepo mtu aliyeanzisha."

Nikajibu upesi, "Lilitoka juu huko. Mimi nilipinga, nikazidiwa kura."

Sikulipanga neno hilo, lilitoka lenyewe kabla sijalizuia. Akanishika mkono kwa ule mkono wake wenye sugu akasema, "Najua. Wewe ungefanya nini peke yako?" Tangu hapo, mshauri, mimi silali. Na laiti lingeishia hapo. Yeye kwa kunipenda akaenda kuwaambia wenzake kazini kwamba mke wangu alisimama peke yake kututetea, na sasa nikipita karibu na geti lao wananiamkia, "Habari za leo, Mama Mtetezi." Fundi wa mikanda, rafiki yake, alikuja nyumbani kumsalimia, na alipokuwa anaondoka akanishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Mama, laiti wangekusikiliza wewe." Nikamshukuru. Unasikia, mshauri? Nilimshukuru.

Hospitali nilimpeleka kwa hila, nilimwambia ninayeumwa ni mimi anisindikize. Daktari akampiga picha ya kifua akatuonyesha, akasema vumbi la mawe limeacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayarudi nyuma, hakuna dawa ya kuyafuta, kinachowezekana ni kuyazuia yasizidi, na kuyazuia ni kutoka kwenye vumbi. Mume wangu akauliza swali moja tu, "Nikimaliza mwaka ujao je?" Daktari akamtazama, mimi nikatazama sakafu.

Anauliza mwaka ujao kwa sababu yeye alianza pale kama kibarua wa kutwa, na miaka yote ile ya ukibarua hakuna aliyemchangia, kwa hiyo hajatimiza muda unaotakiwa ili apate pensheni ya kila mwezi. Akitoka sasa, kwa anavyojua yeye, atapewa mkupuo mdogo na kwaheri. Karatasi za daktari amezificha chini ya godoro, kazini hajasema neno, akibanwa na kikohozi anajifanya anakwenda msalani. Nikimwambia acha kazi ananijibu kwa hiyo sauti yake mpya ya chini, "Nimevuka mto mzima, mama watoto, nitashindwa na kidimbwi? Acha nimalizie."

Sasa mimi nimefikia umri wa kustaafu kwa hiari. Nikijaza fomu kabla muhula huu haujafungwa nitapata mafao yangu pamoja na hiyo nyongeza, naweza nikamwambia mzee kaa nyumbani, tutakula changu, nikae naye nimuuguze. Nimechoka pia, miguu inavimba, na darasani naanza kusahau majina ya watoto. Lakini kila nikiishika fomu mkono unakataa, kwa sababu nyongeza ile imetoka wapi kama si kwenye maji aliyonyimwa yeye? Nitamnunulia dawa kwa pesa iliyomkohoza? Halafu kuna jambo lingine, siku nitakayostaafu na ujumbe wangu wa bodi unakoma, na kikao cha muhula ujao kina ajenda kwamba kiwanda kile kinataka kukopa kwenye mifuko ya pensheni ili kiongeze mashine nyingine. Mzee Hesabu amenipigia simu anasema hapo ndipo penye upenyo wa kurudi na masharti, ila yeye akisema wataona mzee amekumbuka gawio. "Aliyetutoa ndiye wa kuturudisha," akaniambia. "Mwalimu, ni wewe." Nitasimama vipi mbele ya walimu wale wale walionipigia meza niwaambie turudi tulikotoka? Mume wangu naye, ambaye hajui lolote, ananiambia usistaafu, wewe ndiye pekee unayetusemea mle ndani. Kila anaposema hivyo natamani ardhi ipasuke.

Kumwambia ukweli naogopa, daktari alisema apumzike, asisumbuliwe. Na nikimwambia atabaki na nini huyu mtu? Mapafu yamekwenda, kazi inakwenda, amebakiwa na mke aliyemtetea, na mke huyo hayupo.

Mshauri, nimekata tamaa, nikianza kuomba naona sina uso wa kuombea. Nistaafu au nisistaafu? Pesa ile niiguse au nisiiguse? Nimekuandikia wewe kwa sababu hunijui, na ukinigombeza nitakuwa nimegombezwa na mtu mwenye haki ya kunigombeza.

Ni mimi,
Mtetezi wa Uongo

—

Mwalimu,

Pole. Ipokee yote sasa hivi, kwa sababu huko mbele sina nyingine.

Barua yako nimeisoma kama ulivyofundisha watoto, mara mbili. Mara ya kwanza nilimlilia mumeo. Mara ya pili nikaona ulichokifanya: umenieleza mambo ya hisa na mafao kwa kirefu, na uongo wako ukauingiza katikati, kama mtu anayeficha sahani iliyopasuka katikati ya sahani nzima. Nimeiona, mama. Tutaifikia.

Kwanza tugawane lawama kwa haki, maana naona umejibebesha hata zisizo zako. Maji hukuyafunga wewe. Aliyeyafunga ana jina, hata kama ni jina la kampuni tu, na alijua mashine inasaga nini na nani amesimama mbele yake. Na mumeo hakuanza kuvuta vumbi siku mlipouza. Alilivuta miaka yote ya ukibarua, kabla ya barakoa na kabla ya maji, na waliomtumia hivyo bila kumchangia hata kidogo wamelala usingizi mzuri kuliko wewe. Nia yako ilikuwa njema na uchungu wako wa kwenye beseni la kufulia nauamini.

Lakini nia njema haikukuzuia kufanya jambo la kipumbavu. Ulinawa mikono yako ukadhani umemnawisha na yeye. Hebu niambie, mtoto mtukutu darasani kwako unamfanyaje? Mwalimu anayeijua kazi yake anamhamishia dawati la mbele, pale anapoweza kumwona na kumfikia. Akimfukuza, darasa linatulia na mwalimu anapongezwa, ila mtoto anakwenda kuwa mtukutu mahali pasipo na mwalimu. Wewe hilo unalijua kuliko mimi, umelifanya kazi maisha yako yote, na siku ulipopewa kiwanda badala ya mtoto ukasahau ualimu. Na kuhusu kunguni, mwenzangu, kwetu sisi kiti chenye kunguni kilimwagiwa maji ya moto kikaanikwa juani. Waliokuwa wanatupa viti ni wenye viti vingi.

Wasomaji wengine wasinielewe vibaya. Zipo kampuni za kuuza hisa zake asubuhi na mapema, zile ambazo ukae nazo mezani mwaka mzima hazisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hii yenu ilikuwa inasikia. Maji yalikuwa yanatoka. Mliondoka mezani wakati mazungumzo yanazaa, na hapo ndipo mlipokosea.

Sasa mumeo. Huyu atoke kwenye vumbi wiki hii. Mwaka mmoja wa vumbi ili apate pensheni ya kila mwezi ni biashara ya mtu asiyefikiria nani ataipokea hiyo pensheni. Anasema amebakiza kidimbwi. Aliyechoka huzama hata kwenye kidimbwi, mwambie hivyo. Lakini, na hapa nisikilize vizuri, aombe ruhusa ya ugonjwa, asiandike barua ya kuacha kazi! Mifuko mingi ya pensheni ina fao la mtu aliyelazimika kutoka kwa maradhi au ulemavu, na mara nyingi muda wa kuchangia unaotakiwa hapo ni mfupi kuliko ule wa uzee. Sheria za mfuko wake sizijui, kwa hiyo nendeni mkaulize, na majibu mtake kwa maandishi. Ulizeni pia fidia ya ugonjwa uliotokana na kazi, hilo ni dai jingine. Mara nyingi madai haya yanataka athibitishwe na madaktari akiwa bado ni mwajiriwa. Akishaacha mwenyewe, mlango unaweza kuwa umefungwa, na wapo wanaume wengi waliojitoa kimyakimya kwa kuona haya wakaukuta umefungwa. Zile karatasi zitoke chini ya godoro zipelekwe kazini, na chama cha wafanyakazi kipewe nakala. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mumeo anajificha msalani akidhani anawaficha wao.

Unaniuliza kama mafao yako ni haramu. Kuyakataa hakutalaza vumbi hata punje. Siku yake ikifika yachukue, mnunulie dawa, tia vigae sebuleni ukitaka. Umechangia kwa mshahara wa ualimu na ni haki yako. Usijifanye mtakatifu kwa kukataa pesa. Ulishajaribu utakatifu mara moja na umeona ulivyogharimu watu wengine.

Ila siku yake si muhula huu.

Umenipa sababu nyingi za kustaafu sasa: miguu imevimba, umechoka, unasahau majina, unataka kumuuguza. Zote za kweli. Lakini ile inayokusukuma hukuiandika, kwa hiyo nitakuandikia mimi. Ukibaki mpaka kikao, itabidi usimame useme wewe ndiye uliyewatoa na wewe ndiye unayeomba warudi. Ukisema hivyo, habari itafika getini kwa wale wanaokuita Mama Mtetezi, na kutoka getini mpaka kitandani kwa mumeo ni hatua chache. Fomu unayoishika si ya kustaafu, mwalimu, ni ya kukimbia. Nafikiri ndiyo maana mkono wako umekataa kuitia saini, na huo mkono una akili.

Basi fomu irudi kwenye bahasha. Nenda kwenye kikao. Simama, usiandike hotuba, hotuba yako ya kwanza inatosha kwa maisha mawili. Waambie, "Nilikosea, na waliolipa si mimi." Halafu mtake hivi: maji yafunguliwe kwanza na mkopo ufuate baadaye, kamwe isiwe kinyume chake. Barakoa za kweli na vipimo vya kifua kila mwaka. Mtu wenu aruhusiwe kuingia kiwandani siku yoyote bila kutoa taarifa, kwa sababu maji ya siku ya ukaguzi hayamsaidii mtu. Wakivunja sharti, pesa inarudi. Na Mzee Hesabu ndiye awape maneno ya mkataba, umwombe radhi kwa ule utani wako mbele za watu, aliumezea na sukari yule baba wa watu.

Mnaweza kushindwa. Sitakupamba. Walimu wanaweza kukuzomea, kiwanda kinaweza kukopa kwingine, na wale wenye vitambaa usoni wakaendelea vile vile. Hata mkishinda, mumeo hatafaidika na tone moja la maji hayo, atakayefaidika ni atakayekaa kwenye mashine baada yake, mtu ambaye humjui. Kikao kikiisha, kwa heri au kwa shari, siku inayofuata jaza fomu yako urudi nyumbani ukakae na mume wako. Watoto wa watu watapata mwalimu mwingine.

Na sasa ile sahani.

Unasema daktari alikataza asisumbuliwe. Daktari alimkataza vumbi, mama, hakumkataza ukweli. Usimfanye daktari kuwa shuka la kujifunikia. Tena yupo fundi wa mikanda, zipo taarifa za mkutano, wapo walimu waliopiga meza siku ile na wanaonunua nyama bucha moja na nyinyi. Atajua. Swali lililobaki ni kama atalisikia kwako au atalisikia getini kutoka kwa mtu anayecheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imebaki kipande.

Unaniambia amebakiwa na mke aliyemtetea na mke huyo hayupo. Basi hebu tuone kama anaweza kuwapo. Mwambie wewe, mkiwa wawili, mchana, si wakati amebanwa na kikohozi. Usianze na semina wala wataalamu. Anza na neno "ni mimi". Usitaje mafao siku hiyo, asije akaona unamlipa anyamaze. Usimwombe akusamehe hapo hapo, usimlilie ili yeye ndiye ageuke kukubembeleza, maana jinsi ulivyomweleza naona atafanya hivyo na utakuwa umemwibia hata hasira yake. Akitaka kwenda kukaa kwa dada yake siku mbili tatu, mfungie nguo zake vizuri, na dawa zake ziwemo. Akiwaambia wenzake wa kazini, mwache awaambie. Jina lile la Mtetezi litakutoka siku hiyo, na nadhani utatembea mwepesi zaidi ukipita pale getini hata wasipokuamkia.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Kuna wanaosamehe mauti na hawasamehi uongo, na mimi simjui mume wako. Mapafu yake hayarudi, daktari amesema na mimi sina ushauri wa kuyarudisha, na miaka mliyobakiwa nayo hakuna anayeijua. Unaogopa atapandwa na hasira. Ziombee hizo hasira, mwalimu. Wapo wajane wanaoniandikia kwenye ukurasa huu huu, wameshika jambo moja ambalo hawakulisema, na hawana tena wa kumwambia.

Kwa hiyo usisubiri kikao, wala usisubiri mwisho wa muhula. Kesho akirudi kutoka kazini mpe maji ya kuoga, mpe chai, akae. Mwambie wakati bado ana pumzi za kukugombeza.

Mshauri wako